Boila ya Kuni Nyumbani: Jinsi Mabomba Yanavyounganishwa ili Maji Moto Yasigeuke Hatari

Katika wadi za nyanda za juu, miezi ya Juni hadi Agosti huleta ukungu na baridi, na kila boma huhitaji maji moto ya kuoga, kufua, kuosha vyombo na kusafisha mikebe ya maziwa. Sufuria jikoni haitoshi familia kubwa, na kuchemsha maji kwa umeme kila siku ni gharama. Ndiyo maana boila ya kuni, ambayo wengi huiita kuni busta, imeenea vijijini na hata pembezoni mwa miji. Mafundi wa jua kali huitengeneza, maduka ya vifaa huiuza, na ikifungwa vizuri hudumu miaka mingi.

Hata hivyo, boila si sufuria. Sufuria ikichemka, kifuniko hucheza na mvuke hutoka. Boila ni chombo cha chuma kilichofungwa pande zote, na mvuke hauna pa kutokea ila pale fundi alipopaacha. Akisahau kupaacha, au mtu akipaziba baadaye, moto uleule wa kuchemsha maji ya kuoga unaweza kukipasua chombo hicho na kubomoa ukuta ulio karibu.

Somo hili halikusudii kumfanya kila mkazi awe fundi wa mabomba. Linakusudia kila mwenye nyumba aweze kusimama kando ya boila yake, afuate bomba moja moja kwa macho, na ajue kama kazi ilifanywa sawasawa.

MAJI MOTO NA MVUKE NI VITU VIWILI

Kuna boila za aina mbili. Ya kwanza ni boila ya mvuke, kama zile za viwanda vya majani chai, hospitali kubwa na hoteli. Hiyo hutengenezwa kwa chuma kinene ili ihimili presha, na huwekewa kipimo cha presha, kioo cha kuonyesha kiasi cha maji na valvu ya usalama. Mahali pa kazi, boila ya mvuke iko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na ni lazima ikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Ya pili ni boila ya maji moto, na hii ndiyo ya nyumbani. Kazi yake ni kupasha maji hadi nyuzijoto 60 hivi, basi. Chuma chake ni chembamba na haikuundwa kubeba presha ya mvuke. Kwa hiyo mpango wote wa mabomba yake una lengo moja: boila ya maji moto isigeuke kamwe kuwa boila ya mvuke.

Mambo matatu yanaeleza kwa nini lengo hili ni zito.

Kwanza, maji yakipata joto huongezeka. Lita 200 zilizoingia zikiwa na nyuzijoto 15, zikifika nyuzijoto 90 huwa zimeongezeka kwa takriban lita 7. Maji hayo ya ziada lazima yapate pa kwenda. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakikosa nafasi yatasukuma chuma mpaka kiumuke au mshono wa kuchomelea uachane.

Pili, maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi kubwa mno. Lita moja ya maji hutoa takriban lita 1,600 za mvuke.

Tatu, maji yaliyofungiwa hayachemki kwenye nyuzijoto ileile ya sufuria. Presha ikipanda, maji huendelea kupata moto yakiwa bado maji, hadi nyuzijoto 120, 150 na zaidi. Chombo kikipasuka wakati huo, presha hutoweka ghafla na sehemu ya maji hugeuka mvuke papo hapo. Katika boila ya lita 100 iliyofika nyuzijoto 150, takriban lita 9 za maji hugeuka mvuke kwa mara moja, na mvuke huo hujaza chumba chenye upana na urefu wa mita mbili na nusu kila upande. Hiyo ndiyo nguvu inayorusha mlango wa boila na kubomoa bafu.

Katika nyanda za juu kuna jambo la kuongezea. Kadiri mahali palivyo juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 93 hivi, wala si 100. Mtu aliyezoea boila huko Pwani akija huku atashangaa kusikia inanguruma mapema.

SEHEMU ZA BOILA YA KUNI

Boila ya kawaida ni pipa lenye kuta mbili. Ndani kabisa mna chumba cha moto chenye mlango wa kuingizia kuni na wavu wa kupitishia majivu. Maji hukaa kati ya ukuta wa ndani na wa nje, yakiuzunguka moto. Moshi hupanda kupitia bomba la katikati na kutoka juu.

Kwenye mwili wa boila panatakiwa kuwa na matundu manne ya mabomba, na kila moja lina kazi yake:

1. Tundu la chini la kuingizia maji baridi.
2. Tundu la juu la kutolea maji moto.
3. Tundu la juu kabisa la bomba la kupumulia. Katika boila nyingine tundu la pili na la tatu huwa moja, kisha bomba hugawanyika.
4. Tundu la chini kabisa la kutolea maji na matope wakati wa kusafisha.

Maji baridi huingia chini kwa sababu ni mazito, na maji moto hutoka juu kwa sababu ni mepesi. Fundi akiyabadilisha, maji yatachanganyika na mwenye nyumba atachoma kuni nyingi bila kuoga maji moto.

UKUBWA UNAOFAA

Kabla ya kununua, familia ifanye hesabu. Mtu anayeoga kwa beseni hutumia lita 30 hivi za maji ya uvuguvugu wa nyuzijoto 40. Maji baridi yakiwa nyuzijoto 15 na ya boila nyuzijoto 60, lita 30 hizo hutokana na lita 17 za moto na 13 za baridi. Kwa hiyo boila ya lita 100 huwatosha watu sita wanaooga kwa beseni.

Bafu la mvua hutumia zaidi. Mvua inayotoa lita 6 kwa dakika, mtu akikaa chini yake dakika 8, ni lita 48, na karibu lita 27 kati yake ni za moto. Watu sita watahitaji boila ya lita 160 au zaidi, au wawashe moto mara mbili.

Kupasha lita 100 kutoka nyuzijoto 15 hadi 60 huhitaji takriban kilo 4 za kuni zilizokauka vizuri, ikiwa theluthi moja hivi ya joto ndiyo inayoingia kwenye maji. Kuni mbichi hutumika nyingi zaidi, kwa sababu moto hutangulia kukausha kuni hizo kabla ya kupasha maji, na moshi wake huacha masizi mazito kwenye bomba la moshi. Matawi ya miti yanayokatwa shambani wakati wa kupogoa, pamoja na magunzi ya mahindi, hutosha bila kuangusha mti mzima.

MAHALI PA KUWEKA

Boila ya kuni ikae nje ya nyumba. Isiwekwe jikoni, gereji, veranda iliyofungwa wala kwenye chumba kilichoshikana na bafu. Kuni na makaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala na haamki. Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu na kutapika. Anayezisikia atolewe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali.

Boila ijengewe msingi wa saruji ulio sawasawa, kwa kuwa boila ya lita 200 ikijaa maji huwa na takriban kilo 200 kabla ya kuhesabu chuma chake. Ikae mbali na madirisha, ukuta wa mbao, ghala la nyasi na mitungi ya gesi. Kibanda cha mabati cha kuikinga mvua kinafaa, mradi kiwe wazi pande mbili angalau. Bomba la moshi lipande kupita ukingo wa paa la nyumba iliyo karibu, na lisigusane na mbao za paa.

Boila ikiwa karibu na bafu, maji yaliyobaki kwenye bomba na kupoa kila siku huwa machache.

KUUNGANISHA MABOMBA

Hatua ya kwanza: tangi la juu

Boila ya kuni haiunganishwi moja kwa moja na bomba la maji la mji wala na pampu. Presha ya maji ya mji inaweza kuwa sawa na safu ya maji ya mita 30 na hubadilikabadilika usiku na mchana. Maji yenye nguvu hiyo yatamwagika kwenye bomba la kupumulia bila kukoma, na hapo ndipo mwenye nyumba hushawishika kuliziba. Maji ya mji yaingie kwanza kwenye tangi la juu kupitia floti, kisha yashuke yenyewe hadi kwenye boila.

Sakafu ya tangi iwe juu kuliko bafu la mvua kwa mita moja na nusu au mbili ili maji yatoke vizuri. Tangi likae juu ya jukwaa bapa linalolibeba chini kote, si juu ya mbao mbili zilizoachana. Boila ikichemka sana, maji yanayotokota hurudi kwenye tangi, na plastiki ikipata moto kwa muda mrefu hulegea. Kwa sababu hiyo tangi linalopokea bomba la kupumulia lisiwe juu ya chumba cha kulala. Ni vyema zaidi boila iwe na tangi lake dogo, ili maji ya kunywa ya nyumba yasichanganywe na yanayorudi.

Hatua ya pili: bomba la maji baridi

Bomba hili hutoka kwenye tangi na kushuka hadi tundu la chini la boila. Liwe la robo tatu ya inchi au inchi moja, na lisilishe kitu kingine njiani. Likilisha pia mfereji wa jikoni au choo, mtu akifungua mfereji huo maji ya boila hupungukiwa, na anayeoga hupata maji ya kuchoma ghafla.

Valvu ya kufunga inaruhusiwa kwenye bomba hili kwa ajili ya matengenezo. Ikishafunguliwa, kipini chake kitolewe na kuhifadhiwa ndani ya nyumba ili mtoto asiifunge. Valvu ya kuzuia maji yasirudi nyuma isiwekwe hapa, kwa kuwa maji yanayoongezeka kwa joto hurudi kwenye tangi kwa njia hii.

Hatua ya tatu: bomba la kupumulia

Hili ndilo bomba linalookoa maisha. Hutoka juu kabisa ya boila, hupanda bila kushuka popote, hupita juu ya tangi, kisha hupinda kama mpini wa mkongojo na kuelekeza mdomo wake ndani ya tangi, juu ya maji. Kwa njia hiyo hewa, mvuke na maji yanayotokota hutoka, na maji hurudi tangini bila kumwagikia mtu.

Bomba hili lina sheria tano:

1. Lisiwe na valvu, koki wala kizibo cha aina yoyote.
2. Lisiwe jembamba kuliko robo tatu ya inchi, na lisipunguzwe njiani.
3. Lipande mfululizo. Likishuka na kupanda tena, hewa au matope hukaa kwenye bonde hilo na kuziba njia.
4. Mdomo wake usizame ndani ya maji ya tangi, la sivyo litafyonza maji na kuyazungusha.
5. Liwe na urefu wa kutosha juu ya tangi.

Kuhusu urefu, mafundi wana kanuni: sentimita 15, kisha kuongeza sentimita 4 kwa kila mita ya kimo kutoka chini ya boila hadi usawa wa maji ya tangi. Ikiwa kimo hicho ni mita 4, bomba litapita usawa wa maji kwa 15 na 16, yaani sentimita 31. Sababu yake ni kwamba maji moto ni mepesi, hivyo husimama juu zaidi kuliko maji baridi yaliyo upande wa pili. Bomba likiwa fupi, litamwaga maji kila siku hata kabla ya kuchemka, na kuni zitaishia kupasha tangi.

Hatua ya nne: bomba la maji moto

Bomba la kwenda bafuni na jikoni hugawanyika kutoka kwenye bomba lililotoka juu ya boila, chini ya usawa wa tangi. Tawi hili ndilo lenye valvu, ikihitajika. Valvu isiwekwe kamwe kabla ya mgawanyiko, maana hapo itakuwa imefunga pia bomba la kupumulia.

Nyumba inayotaka presha zaidi bafuni iwe na pampu inayovuta maji baada ya boila, na fundi mwenye ujuzi ndiye aifunge. Pampu isisukume maji kuingia kwenye boila.

Hatua ya tano: bomba la kusafishia

Tundu la chini liwekewe valvu na bomba fupi linaloelekea kwenye mtaro, mbali na njia ya watu na wanyama.

AINA YA BOMBA

Bomba la kawaida la PVC halifai kwa maji moto. Hulegea na kuachana kwenye viungo. Bomba la PPR lililoandikwa PN20 hutumika sana kwa maji moto ndani ya nyumba, lakini hata hilo limekusudiwa maji ya nyuzijoto 70 hivi kwa matumizi ya kila siku. Moto wa kuni hauna swichi ya kuuzima, na maji yanayotoka kwenye boila yanaweza kuwa yanachemka.

Kwa hiyo mita za kwanza kutoka kwenye boila, pamoja na bomba lote la kupumulia, ziwe za chuma chenye zinki, maarufu kama GI, au za shaba. PPR ianzie mbali na joto la moto. Shaba na GI zisiunganishwe moja kwa moja, kwa sababu mahali zinapogusana GI huliwa na kutu haraka. Kiungo cha shaba ya njano huwekwa katikati.

Mabomba ya maji moto yavalishwe kitu cha kuzuia joto lisipotee, na boila yenyewe ifungwe pamba ya glasi na kufunikwa kwa bati. Boila iliyovalishwa hivyo ikiwashwa jioni, maji bado huwa na joto asubuhi.

KUWASHA MARA YA KWANZA

Tangi lijazwe, valvu ya maji baridi ifunguliwe, na mfereji wa maji moto bafuni uachwe wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukohoa hewa. Hapo boila imejaa. Viungo vyote vikaguliwe kwa mkono mkavu.

Kisha bomba la kupumulia lijaribiwe boila ikiwa bado baridi. Fundi hufunga valvu ya maji baridi, mwenzake hufungua mfereji wa maji moto ulio chini, na karatasi nyepesi hushikwa kwenye mdomo wa bomba la kupumulia. Karatasi ikivutwa, njia iko wazi. Isipovutwa, moto usiwashwe mpaka kizuizi kipatikane. Baada ya jaribio, valvu ya maji baridi ifunguliwe tena na maji yaachwe yatoke kama mwanzo.

Moto wa kwanza uwe mdogo. Matone ya maji yanaweza kuonekana ndani ya chumba cha moto na kumtia mwenye nyumba hofu kwamba boila inavuja. Mara nyingi huo ni unyevu wa moshi unaoganda kwenye chuma baridi, na hukoma maji yakipata joto. Matone yakiendelea maji yakiwa moto, hapo kuna tundu.

MAKOSA YANAYOLETA AJALI

Kosa la kwanza ni kuziba bomba la kupumulia. Mara nyingi hufanywa kwa nia njema: bomba linamwaga maji, mtu anaona ni hasara, anaweka kizibo. Bomba linalomwaga maji linasema kwamba moto ni mkali mno, bomba ni fupi, au maji yanaingia kwa presha kubwa. Dawa ni kuondoa sababu hiyo.

Kosa la pili ni kuwasha moto bila kukagua tangi. Msimu wa ukame au mgao wa maji, tangi linaweza kuwa tupu huku boila ikiwa na maji nusu. Maji hayo huchemka na kukauka, kisha chuma huanza kuwa chekundu. Hapo kosa la tatu hufuata: mtu huona boila imekauka na kufungulia maji baridi. Maji yakigusa chuma chenye moto namna hiyo hugeuka mvuke mara moja, na chuma hupasuka. Boila iliyokauka hutolewa kuni na kuachwa ipoe yenyewe mpaka kesho yake.

Kosa la nne ni kutumia pipa la mafuta au la kemikali kutengenezea boila. Chuma chake ni chembamba, mishono yake haikukusudiwa moto, na mabaki ya kilichokuwamo yanaweza kulipuka wakati wa kuchomelea au kuingia kwenye maji ya kuoga.

Kosa la tano ni kuchota maji ya boila kwa kunywa au kupikia. Maji ya bombani yapikwe jikoni kama kawaida.

KUJIKINGA NA KUUNGUA

Maji ya nyuzijoto 60 huweza kumchoma mtu mzima vibaya kwa sekunde 5 hivi, na ngozi ya mtoto mdogo kwa muda mfupi zaidi. Hata hivyo si vizuri kuweka maji kwenye uvuguvugu daima, kwa kuwa vijidudu vya legionela, vinavyoleta homa ya mapafu, hustawi kati ya nyuzijoto 20 na 45. Njia salama ni kupasha maji hadi 60 na kuyachanganya na baridi kwenye mfereji. Maji baridi yatangulie kwenye beseni, kisha ya moto, na mtu mzima ayapime kwa kiwiko kabla ya mtoto kuingia.

Aliyeungua awekwe chini ya maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Asipakwe dawa ya meno, siagi, unga wala majivu, na malengelenge yasipasuliwe. Mtoto, mzee, au mtu aliyeungua usoni, mikononi au sehemu kubwa ya mwili apelekwe hospitali.

MATUNZO

Kila wiki majivu yatolewe yakiwa yamepoa. Kila mwezi bomba la moshi lipigwe brashi kuondoa masizi, na maji machache yatolewe kwenye tundu la chini mpaka yatoke safi. Kila miezi sita jaribio la karatasi lirudiwe, maana nyigu na ndege hupenda kujenga kwenye mdomo wa bomba. Mahali penye maji ya kisima yenye chumvi nyingi, ukoko mweupe wa chokaa hujikusanya ndani ya boila na kwenye mabomba. Hapo fundi aifungue na kuisafisha angalau mara moja kwa mwaka.

NANI AFANYE KAZI HII

Fundi aonyeshe cheti, kama vile cha majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, au cha chuo cha ufundi. Kabla ya kumlipa, mwenye nyumba amwombe amwonyeshe kwa kidole mahali bomba la kupumulia linapoanzia na linapoishia. Fundi asiyeweza kuonyesha hivyo hajamaliza kazi.

Boila ikianza kunguruma kwa nguvu huku bomba la kupumulia likitoa mvuke, kuni zitolewe na mfereji wa maji moto ufunguliwe polepole, mradi tangi lina maji. Lakini ikinguruma bila bomba hilo kutoa kitu, au chuma kikionekana kuumuka, mtu yeyote asiikaribie. Watu na mifugo waondolewe mbali, na msaada uitwe kwa nambari 999 au 112.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji baridi huingia chini ya boila na si juu?
2. Bomba la kupumulia linamwaga maji kila jioni. Mwenye nyumba afanye nini?
3. Kutoka chini ya boila hadi usawa wa maji ya tangi ni mita 5. Bomba la kupumulia lipite usawa huo kwa kiasi gani?
4. Tangi limekauka na boila ina moto. Maji yamerudi bombani. Je, yafunguliwe yaingie?

Majibu: (1) Maji baridi ni mazito, hukaa chini na kuyasukuma yaliyopata joto yatoke juu. (2) Apunguze moto na amwite fundi akague urefu wa bomba na presha ya maji, asilizibe. (3) Sentimita 15 na 20, jumla sentimita 35. (4) La. Kuni zitolewe na boila iachwe ipoe hadi kesho yake.